Kusoma chuo kikuu kwa Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Kila mwaka wa masomo unapoanza maswali huwa ni yaleyale. Wanafunzi wapya wanayauliza kwenye makundi ya WhatsApp, wazazi wanayauliza harusini, na wahadhiri wenzangu wanayauliza mlango wa chumba cha walimu ukishafungwa. Mimi nasomesha chuo kikuu hapa Unguja, na nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu nikiulizwa ana kwa ana. Nimeyapa nambari ili jambo lililokwisha kuelezwa nisilirudie. Ukiona "tazama swali la 8", nenda ukalisome kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Vyuo vikuu vya Zanzibar vinasomesha kwa lugha gani?

Kwa Kiingereza, karibu kila somo. Ndivyo ilivyo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu, Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait kule Chukwani, na tawi la IIT Madras la India lililofunguliwa Bweleo mwaka 2023. Somo la Kiswahili husomeshwa kwa Kiswahili hadi shahada za juu, na Kiarabu nacho kina nafasi yake kwenye masomo ya lugha hiyo na ya dini.

Hiyo ndiyo hali ya kwenye karatasi. Ukiingia ukumbini utakuta slaidi za Kiingereza, mhadhiri anayeanza kwa Kiingereza, na maelezo yanayohamia Kiswahili pale nyuso za wanafunzi zinapoonesha kuwa hakuna kilichoingia. Mtihani lakini utakuja kwa Kiingereza kitupu, na majibu yatatakiwa kwa Kiingereza. Taabu nyingi zinazoelezwa hapa zinatoka kwenye pengo hilo.

2. Kwa nini Kiingereza, wakati Kiswahili sanifu chenyewe kimetokana na Kiunguja?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na uchungu huo nauelewa. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika Mashariki nzima, na kazi ya kukisanifisha ikakabidhiwa kamati maalumu iliyoanza mwaka 1930. Leo kijana wa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, anafika chuo kikuu na kuikuta lugha ya kwao imebaki kuwa kozi moja miongoni mwa kozi nyingi.

Sababu kubwa ni ya kihistoria. Chuo kikuu cha mwanzo Tanganyika kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na mitaala, vitabu na mitihani vikaja pamoja na lugha yake. Vyuo vya Zanzibar vilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaifuata njia iliyokwisha kuchongwa. SUZA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Halafu elimu ya juu ni jambo la Muungano. Vyuo vya Unguja na Pemba vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) pamoja na vya Bara, kwa hiyo mabadiliko makubwa ya lugha hayawezi kuamuliwa na chuo kimoja kikiwa peke yake. Ongeza vitabu, majarida ya utafiti, wahadhiri wageni na waajiri wa mahoteli na mashirika, utaona kwa nini kila anayeshika wizara huliangalia jambo hili kisha akaliacha lilivyo.

3. Sera inasemaje? Nimesikia Kiswahili kimesharuhusiwa.

Umesikia sawa, kwa upande mmoja. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kusomeshea sekondari, kisha vyuo vikuu vifuate. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ya Tanzania, iliyozinduliwa Februari 2015, ikaja kusema Kiswahili kitumike kusomeshea katika ngazi zote na Kiingereza kiendelee kutumika. Utekelezaji wake vyuoni haukuonekana, na sera hiyo imeshatolewa upya katika toleo la mwaka 2023.

Zanzibar ina sera yake ya elimu chini ya chuo kikuu, na sera ya mwaka 2006 ilielekea upande mwengine: hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kwa hiyo wengi wanaoingia chuoni siku hizi walianza kukutana na Kiingereza cha sayansi wakiwa wadogo. Kukutana nacho ni jambo moja na kukimudu ni jambo jengine, hasa pale mwalimu mwenyewe alipokuwa anahangaika nacho.

4. Ni mimi peke yangu nisiyeelewa?

Hapana. Na si jambo la kizazi chako tu. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa Tanzania na kukuta kuwa chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa ndio ambao wangeona wepesi kusoma hata vitabu rahisi vya masomo yao. Hao ni watu waliokuja kuwa mainjinia, mawakili na walimu wa walimu wako. Hawakuwa wajinga, na wewe si mjinga. Walikuwa wanabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, somo lenyewe na lugha yake, na hakuna aliyewapunguzia mmoja.

Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona wanafunzi wazuri wakijiandikia hukumu wiki ya tatu tu ya semista ya kwanza. Mtu anaanza kukaa safu ya nyuma, anaacha kwenda semina, anangojea notsi za wenzake, na ikifika mtihani anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, anayoamini kuwa amestahiki.

5. Kiingereza cha kuzungumza nakijua vizuri, nimefanya kazi na watalii Nungwi. Mbona kitabu hakipandi?

Kwa sababu hizo ni kazi mbili tofauti za lugha. Mtafiti wa Canada, Jim Cummins, aliwaangalia watoto wahamiaji na kuona kuwa mazungumzo ya kila siku waliyashika ndani ya miaka miwili hivi, lakini lugha ya masomo iliwachukua miaka mitano hadi saba. Na hao waliishi ndani ya Kiingereza usiku na mchana.

Ukiwa ufukweni na mgeni, bahari iko mbele yenu, mkono unaonesha, na yeye naye anakusaidia kwa sababu anataka kuelewana na wewe. Ukurasa wa kitabu cha uchumi hauna mkono. Sentensi moja ina mistari minne, mtendaji amefichwa, na neno dogo katikati limegeuza maana yote. Usiudharau ulimi uliouchuma Nungwi, maana utakufaa sana siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa. Kusoma kunahitaji mazoezi yake mwenyewe (tazama swali la 9).

## Ukumbini na kwenye vikundi

6. Mhadhara unanipita. Nifanye nini?

Soma kabla ya kwenda. Ushauri huu ni wa zamani na wengi wanaupuuza, lakini kwa anayesoma kwa lugha ya kigeni ndio unaoamua. Pata mada ya wiki kutoka kwenye mpango wa kozi, isome kwanza kwa Kiswahili au kwa maelezo mepesi popote utakapoyapata, ujue jambo lenyewe linahusu nini. Ukiingia ukumbini ukiwa unajua kinachozungumzwa, sikio linakamata. Ukiingia mtupu, unaliandika neno la kwanza huku la pili na la tatu yanapita.

Mle ndani usijaribu kuandika kila kitu. Andika maneno makuu, mifano, na alama ya kuuliza pale ulipopotea. Siku hiyohiyo jioni, kabla hujalala, kaa na mwenzako mjaze mapengo. Ukiacha hadi Jumamosi, alama zako mwenyewe zitakuwa zimeshakuwa mafumbo.

7. Naona haya kuuliza swali kwa Kiingereza mbele ya darasa.

Liandike swali lako kwanza kwenye karatasi kisha ulisome. Hakuna aliyekataza. Au mwendee mhadhiri baada ya kipindi na umwambie, "Mwalimu, nina swali, naomba nilieleze kwa Kiswahili." Wengi wetu tutakubali, na tutashukuru, kwa sababu darasa lililonyamaza halituambii chochote.

Kwa wanaocheka wenzao wakikosea: mnawanyamazisha watu ambao pengine wana jambo la maana kuliko lenu. Nimeshuhudia msichana akichekwa kwa kukosea wakati wa kitenzi, naye ndiye aliyekuwa ameliona kosa la hesabu ubaoni ambalo hakuna mwengine aliyeliona. Semista nzima iliyobaki hakufungua tena mdomo.

8. Tukijadiliana kwa Kiswahili kwenye kikundi, hatuharibu Kiingereza chetu?

Hamharibu, ilimradi mrudi. Jadilianeni kwa lugha inayowafikisha kwenye maana, kisha mtoke na maana hiyo mwiandike kwa Kiingereza mkiwa bado pamoja. Vikundi vinavyoishia kwenye Kiswahili huelewa somo na kufeli karatasi. Vinavyojilazimisha Kiingereza mwanzo hadi mwisho huongea sentensi za kwenye slaidi bila mtu kujua zinasema nini, na hilo la pili naliona ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na kuelewa.

Mfano wa darasani. Mada ilikuwa jinsi mahitaji ya bidhaa yanavyobadilika bei ikipanda. Wanafunzi walikuwa na fasili ya Kiingereza neno kwa neno, na hakuna aliyeweza kuitumia. Nikawauliza kwa Kiswahili: nguru akipanda bei sokoni, nyumbani kwenu mnafanya nini? Wakajibu kwa pamoja kuwa wanahamia kwenye vibua. Na chumvi ikipanda? Kimya kidogo, halafu kijana mmoja wa Makunduchi akasema, "Chumvi tutanunua vilevile mwalimu, kwani utakula nini badala yake?" Hapo jambo zima likawa limeshasemwa: kitu chenye mbadala na kitu kisicho na mbadala havifanani bei inapopanda. Nikawaambia wafungue madaftari waandike kile walichokisema, kwa Kiingereza, kwa maneno yao. Sarufi ilikuwa na makosa. Uchumi ulikuwa sahihi. Kusahihisha sarufi ya mtu anayejua anachosema ni kazi nyepesi.

## Kusoma, kuandika na mitihani

9. Nitafute kila neno kwenye kamusi?

Hutamaliza ukurasa. Ili kusoma kwa utulivu mtu anahitaji kuyajua karibu maneno 98 katika kila maneno 100 ya ukurasa, na wengi mnaanza mbali na hapo, kwa hiyo lazima kuchagua.

Anza na maneno yanayotembea masomo yote. Mwaka 2000 mtafiti wa New Zealand, Averil Coxhead, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma ya Kiingereza. Hayo peke yake yanachukua kiasi cha asilimia 10 ya maandishi ya chuo kikuu, iwe sheria, sayansi au biashara. Orodha yenyewe inapatikana bure mtandaoni. Maneno 10 kwa wiki, kila moja na sentensi uliyoitoa kwenye kitabu chako mwenyewe, yanakumaliza orodha kwa muda usiofika miaka miwili. Istilahi za somo lako utazipata tu, maana mhadhiri anazieleza. Yanayowaangusha watu ni haya ya katikati ambayo kila mwandishi anadhani msomaji anayajua.

10. Programu za kutafsiri na akili mnemba zinaruhusiwa?

Kwa kuelewa, zitumie. Bandika aya ngumu, iombe ikufafanulie kwa Kiswahili, kisha urudi kwenye aya ya asili uisome tena. Tahadhari moja: kwenye istilahi programu hizi huteleza, na huteleza kwa kujiamini, kwa hiyo neno la kisayansi lihakikishe kwenye kamusi ya fani.

Kwa kuandika kazi utakayokabidhi, soma kanuni za chuo chako kwanza, kwa sababu kuwasilisha maandishi ambayo si yako ni wizi wa kitaaluma. Na hata pale ambapo hakuna atakayekukamata, ukumbi wa mtihani hauna simu. Mwanafunzi ambaye asaimenti zake zote ziliandikwa na programu anafika kwenye mtihani akiwa hajaandika aya hata moja ya Kiingereza kwa mkono wake.

11. Najua jibu, lakini alama ni chache. Kwa nini?

Mara nyingi hukujibu ulichoulizwa. Kuna karatasi moja ninayoitumia kama funzo. Swali lilianza na maneno "account for", likitaka sababu za kushuka kwa uzalishaji wa karafuu. Mwanafunzi aliandika kurasa tatu safi: mikarafuu kuletwa Zanzibar, Seyyid Said, kimbunga cha mwaka 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba ikiongoza, mpaka biashara ya leo. Kila alichokisema ni kweli. Lakini aliitafsiri ile amri kama "toa hesabu ya", akasimulia. Kimbunga alikipita kama tukio la mwaka fulani, hakukisema kama sababu, na alama za sababu zikabaki mezani.

Amri za mitihani hazizidi 15 au 20. Zipate zote kutoka mitihani ya miaka iliyopita, na mbele ya kila moja uandike kwa Kiswahili inakutaka ufanye nini: usimulie, utoe sababu, ulinganishe, au uhukumu. "Discuss" humtaka mtu aoneshe pande mbili kisha aseme anasimama wapi, na wengi huishia kwenye upande mmoja. Ukilisoma swali mtihanini, dakika ya kwanza iwe ya kuiandika amri hiyo kwa Kiswahili pembeni ya karatasi ya swali, kama kanuni zenu zinaruhusu kuiandikia.

12. Kuna vitabu au kamusi za fani kwa Kiswahili?

Zipo, kuliko watu wanavyodhani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam (leo TATAKI) ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ya tiba mwaka 2003. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) nalo lina kamusi yake ya Kiswahili fasaha. Kinachokosekana ni vitabu vyenyewe vya kiwango cha shahada. Anayesema Kiswahili hakina maneno ya sayansi aulizwe kwanza kama amewahi kuifungua kamusi hiyo ya mwaka 1990.

13. Nimekusanya data kwa Kiswahili, tasnifu inatakiwa kwa Kiingereza. Naiandikaje?

Swali hili linazidi kila mwaka, na nalipenda kwa sababu linawahusu watu waliokwenda kweli kuzungumza na wananchi.

Tuseme umekwenda Paje na Jambiani kuwahoji akina mama wanaolima mwani. Hojaji uliiandaa kwa Kiingereza, ukaipitisha kwa msimamizi, kisha ukaitafsiri papo hapo ukiwa umesimama mchangani. Hapo ndipo data inapoharibika, kwa sababu kila mama ameulizwa swali tofauti kidogo. Itafsiri hojaji kabla hujaondoka, mpe mwenzako ambaye hajaiona ya Kiingereza airudishe kwenye Kiingereza, na mkute wapi zimeachana. Halafu ijaribu kwa watu wachache.

Ukirudi, yaandike mahojiano kwa Kiswahili kama yalivyosemwa na uyachambue kwa Kiswahili. Wakulima wanajua mambo ambayo hojaji yako haikuyafikiria: wapi maji ya bamvua huwa moto, kwa nini aina ya kotonii haistawi tena kwenye maji machache wakati spinosamu inavumilia, lini mwani huanza kubadilika rangi na kukatika. Ukiyatafsiri mapema, ujuzi huo wote unasinyaa na kuwa sentensi moja ya "mabadiliko ya tabianchi". Tafsiri mwishoni, na zile nukuu utakazozitumia tu. Kwenye sura ya mbinu eleza nani alitafsiri na jinsi gani. Maneno muhimu ya msemaji yaache kwa Kiswahili na maelezo yake pembeni, na nakala za asili ziweke kwenye kiambatisho. Msimamizi mzuri atafurahi.

## Kwa wahadhiri na wazazi

14. Mimi ni mhadhiri. Nikieleza kwa Kiswahili navunja kanuni?

Soma kanuni za chuo chako, maana hazifanani. Kinachobanwa zaidi ni lugha ya mtihani na ya kazi zinazokabidhiwa. Maelezo ya mdomo kila mmoja wetu anajua yanavyokwenda, na afadhali tuyafanye kwa mpango kuliko kwa kujificha.

Mpango wenyewe si mgumu. Usitafsiri sentensi kwa sentensi, kwa sababu wanafunzi watangoja Kiswahili na kufunga masikio Kiingereza kinapozungumzwa. Tenga nafasi: dakika za mwisho za kila sehemu ziwe za kujadili kwa Kiswahili, kisha mmoja alete muhtasari kwa Kiingereza. Istilahi mpya ziandike ubaoni kabla ya kuzitumia. Slaidi zitoe mapema. Ukiuliza swali, nyamaza kwa muda unaotosha mtu kulitafsiri, kulijibu kichwani na kulirudisha. Ukiwa na wanafunzi wageni darasani wasiojua Kiswahili, waweke kwenye vikundi vyenye wanaoweza kuwatafsiria, na hapo wenzao nao watapata mazoezi ya kweli.

Kwenye kusahihisha, tenganisha alama za maudhui na za lugha na uwaambie wanafunzi mgawanyo huo mapema. Karatasi ya biolojia isigeuke karatasi ya sarufi bila mtu kuambiwa.

15. Mimi ni mzazi. Nimpeleke mwanangu skuli ya Kiingereza tangu nasari ili chuo kisimpige chenga?

Mpeleke kwenye skuli yenye walimu wazuri, na hilo liwe la kwanza kuliko lugha iliyoandikwa kwenye geti. Tangu mwaka 1953 UNESCO imekuwa ikipendekeza mtoto aanze kusomeshwa kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Kule Ife, Nigeria, mradi ulioanza mwaka 1970 chini ya Babatunde Fafunwa uliwasomesha watoto kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo na mwalimu anayekijua. Walifanya vizuri kuliko wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema, na kwenye Kiingereza pia hawakuachwa nyuma.

Mtoto anayesoma hadithi ndefu za Kiswahili na kuzisimulia vizuri anajifunza kusoma, na ujuzi huo atahama nao.

## Hali zisizo za kawaida

16. Natoka Micheweni. Skuli yetu haikuwa na mwalimu wa kudumu wa Kiingereza. Nitawapata waliosoma skuli za binafsi mjini?

Utawapata kwenye mambo mengi, ukianza mapema. Tofauti kubwa kati yenu huonekana kwenye kuzungumza, na kuzungumza ndiko kunakotisha, lakini alama nyingi za chuo zinatoka kwenye maandishi. Aliyetoka skuli ya mjini anaweza kuwa na ulimi mwepesi na aya mbovu.

Usikubali pia kuchekwa kwa Kipemba chako. Baadhi ya wanafunzi wa Pemba hufika Unguja wakanyamaza mara mbili, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa lafudhi. Tafuta dakhalia au nyumba ya kupanga yenye wenzako wa kozi moja, na muanze kikundi wiki ya kwanza (tazama maswali ya 6 na 8).

17. Kaka yangu amekwenda kusoma Uturuki bila kujua neno la Kituruki na anaendelea vizuri. Mbona sisi tunaosoma nyumbani tunahangaika?

Kwa sababu yeye alifundishwa lugha kwanza. Anayepata ufadhili wa serikali ya Uturuki hupewa mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya kuanza shahada. Wanaokwenda China kwenye kozi zinazosomeshwa kwa Kichina nao kwa kawaida hupitia maandalizi ya lugha. Nchi hizo zinakiri wazi kuwa mwanafunzi anasoma kwa lugha ya kigeni.

Hapa kwetu tunajifanya kuwa Kiingereza si kigeni. Mwanafunzi anapata kozi ya stadi za mawasiliano mwaka wa kwanza, ndani ya ukumbi uliojaa, huku masomo mengine yote yameshaanza kukimbia. Naamini kwa dhati kuwa vyuo vyetu vinamdai mwanafunzi lugha ambayo havikumpa. Kama Kiingereza kitabaki, basi iwepo semista nzima ya maandalizi, kwa vikundi vidogo, kwa maandishi ya fani atakayosoma, na bodi za mikopo ziihesabu kama sehemu ya masomo ili mtoto wa mkulima asiikose kwa kukosa bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu. Na kama hilo ni ghali, kuna njia nyengine (tazama swali la 19).

18. Nasomea udaktari. Nimesoma kila kitu kwa Kiingereza, mgonjwa anazungumza Kiswahili.

Jifunze kusikiliza upya. Bibi wa Donge aliyekuja Mnazi Mmoja hatakuambia dalili kwa mpangilio wa kitabu. Atasema mwili unamchonyota, kifua kinambana, tumbo linavuruga, na kila neno lina uzito wake. Weka daftari la maneno ya wagonjwa na uwaulize wauguzi wakongwe maana zake kamili. Halafu fanya mazoezi ya kumweleza mtu kisukari au shinikizo la damu kwa Kiswahili bila istilahi hata moja ya Kiingereza. Ukishindwa, jambo lenyewe hujalielewa vya kutosha.

19. Zanzibar ingeweza kweli kusomesha chuo kikuu kwa Kiswahili?

Ingeweza, kwa hatua. Malaysia ilianzisha chuo kikuu cha taifa kilichosomesha kwa Kimalei mwaka 1970. Mwaka 2003 ikapeleka hisabati na sayansi za skuli kwenye Kiingereza, na mwaka 2009 ikatangaza kuzirudisha. Funzo ninalolichukua hapo ni kuwa lugha ya kusomeshea inaweza kubadilishwa, na kuwa kubadilisha bila kuwaandaa walimu kunagharimu, upande wowote unaoelekea.

Kwetu ningeanza na masomo ambayo kazi yake hufanyika kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza: ualimu wa msingi, ustawi wa jamii, uandishi wa habari, na sehemu ya sheria. Mwalimu wa darasa la pili atakayesomesha kwa Kiswahili maisha yake yote anasomea ualimu kwa Kiingereza, na sijaona sababu ya hilo inayosimama. Masomo mengine yaache mwanafunzi achague lugha ya kujibia mtihani, kozi kwa kozi, kadiri vitabu vinavyoandikwa.

20. Naweza kuandika tasnifu kwa Kiswahili leo?

Ukiwa idara ya Kiswahili, ndiyo. Idara nyengine uliza kwa maandishi kabla hujaanza, na jibu ulipate kwa maandishi. Ukikataliwa, omba angalau muhtasari wa Kiswahili uingizwe, ili waliokupa data waweze kuusoma.

21. Nimeshapata sapu mbili, naogopa kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli). Nibadilishe kozi?

Usiamue bado. Omba kuiona karatasi yako, kama taratibu za chuo zinaruhusu, ukae nayo pamoja na mhadhiri. Lichukue swali moja ulilofeli na umweleze jibu lake kwa Kiswahili. Ukilieleza sawasawa, somo unalo na kilichokuangusha ni lugha. Rudi maswali ya 9 na 11 na uombe kuandika majibu ya majaribio asahihishe mapema kabla ya marudio. Ukishindwa hata kwa Kiswahili, basi tatizo liko kwenye somo lenyewe, na hapo ndipo muzungumze na mshauri wa masomo juu ya kozi nyengine, kabla dirisha la kuhama halijafungwa.